Tarakimu ya Kijani

Mtu akikaa mbele ya televisheni tangu magharibi hadi usiku wa manane, ukimwuliza kesho yake aliona nini, atakutajia taarifa ya habari, mpira, pengine na filamu. Hatakutajia zile sekunde chache zinazopita kati ya kipindi na kipindi, wakati nembo ya chaneli inapojitokeza kwenye kioo na sauti ya mtangazaji wa zamu inapoeleza kinachofuata. Na bado, ukizihesabu kwa mwaka mzima, hakuna kipindi hata kimoja ambacho mtu huyo amekitazama mara nyingi kama alivyoitazama nembo ile. Tamthilia huisha, wachezaji hustaafu, wasomaji wa habari huhamia kwingine; nembo hurudi kila mara, kama bawabu anayefungua mlango uleule kwa kila mgeni.

Ninayotaka kuyasimulia hapa ni ya nembo moja tu ya aina hiyo: tarakimu mbili ya chaneli ya pili ya Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC2, iliyoanza kuonekana Jumamosi tarehe 16 Februari 1991. Wakati ule nilikuwa London, mwanafunzi mwenye chumba kimoja cha kupanga katika nyumba ya mzee mmoja mstaafu wa reli. Televisheni ilikuwa sebuleni kwake, si chumbani kwangu, kwa hiyo nilitazama aliyotaka kuyatazama mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa mtu wa BBC2: bustani, mashindano ya snuka, na vipindi vya historia. Kinachonisukuma kuandika, hata hivyo, si kumbukumbu za ujana. Ni swali ambalo nembo ile iliniachia: chombo cha umma, kinachoendeshwa kwa fedha ya wananchi wote, kikitumia fedha hiyo kubadili sura yake bila ya kubadili kazi yake, kimewadanganya watu au kimewatendea haki?

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tuliijua BBC kwa masikio. Idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1957, na kwa miaka mingi ilitangaza kutoka jumba la Bush House, katikati ya London. Alama za BBC kwetu zilikuwa sauti: ule wimbo wa zamani uitwao Lilliburlero uliopigwa na bendi katika idhaa ya dunia, kengele za Big Ben, milio ya saa ya Greenwich. Aliyekaa barazani akaisikia milio ile alijua ni saa ngapi na ni nani anayesema, hata kabla mtangazaji hajafungua kinywa. Hakuna aliyeuliza BBC ina rangi gani. Swali hilo lingekuwa sawa na kuuliza adhana ina rangi gani. Lakini televisheni ni chombo cha macho, na macho hayatosheki na jina, yanataka uso.

BBC2 ilizaliwa kwa mkosi. Ilikuwa ifunguliwe usiku wa tarehe 20 Aprili 1964, kwa shamrashamra na kwa tamthilia ya muziki Kiss Me, Kate. Jioni hiyo moto ukazuka katika kituo cha umeme cha Battersea, sehemu kubwa ya London magharibi ikaingia gizani, na jumba la televisheni la BBC likawa miongoni mwa walio gizani. Chaneli iliyokuwa imepigiwa mbiu kwa miezi ikawa haina cha kuonyesha ila maelezo ya kuomba radhi yaliyosomwa kutoka studio za Alexandra Palace, upande mwingine wa mji. Kipindi cha kwanza kamili kilikuja asubuhi yake, nacho kilikuwa cha watoto wadogo, Play School. Jioni ya siku hiyo ya pili mtangazaji Denis Tuohy alifungua matangazo akiwa na mshumaa unaowaka, akaupuliza ukazimika. Naupenda sana mshumaa ule. Kwa maoni yangu ndio uliokuwa nembo ya kwanza ya kweli ya BBC2, kwa maana ulisema jambo la kweli na ukalisema kwa ucheshi. Ile iliyotayarishwa rasmi, kangaruu mama na mwanawe waliopewa majina ya Hullabaloo na Custard, haikudumu.

Chaneli yenyewe iliundwa makusudi kwa ajili ya mambo ambayo chaneli kubwa haikuwa na nafasi nayo. Ilihitaji televisheni mpya, za mistari 625 badala ya ile 405 ya zamani, kwa hiyo mwanzoni walioweza kuipata walikuwa wachache. Chini ya David Attenborough, aliyekabidhiwa uongozi wake mwaka 1965, ikawa ya kwanza Uingereza kuonyesha picha za rangi, tarehe 1 Julai 1967, katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon. Ikawa ni chaneli ya majaribio na ya sanaa, na pia ya vichekesho ambavyo havikuwa na uhakika wa kupendwa na wengi. Fawlty Towers, mwaka 1975, ilianzia huko. Nayasema haya ili ieleweke kwamba ucheshi haukuletwa BBC2 na wasanifu wa mwaka 1991. Ulikuwamo tangu ule mshumaa.

Nembo za miaka ile zilitengenezwa kwa njia ambazo leo zinachekesha. Chaneli ya kwanza ilikuwa na tufe la dunia, na tufe lile lilikuwa kitu cha kushikika: mfano mdogo wa dunia uliozungushwa kwa mota mbele ya kioo cha kujitazamia kilichobonyea, ukapigwa na kamera isiyojua rangi, kisha rangi zikaongezwa kwa mitambo. Dunia ile ilizunguka pale jumbani saa zote, ikingoja tu kuitwa hewani. Februari 1985 tufe la mota likastaafishwa na mahali pake pakashikwa na tufe lililochorwa kwa kompyuta. Kompyuta ndiyo iliyokuwa fahari ya wakati ule. Chaneli isiyokuwa na herufi za dhahabu zinazopaa na kugeukageuka angani ilionekana imebaki nyuma.

Mwaka 1986 BBC2 nayo ikapewa sura mpya. Kioo kilikuwa cheupe, na katika weupe ule zilijitokeza herufi nyeupe za neno la Kiingereza lenye maana ya mbili, TWO, zikiwa na michirizi ya nyekundu, kijani na buluu. Ilikuwa nembo ya adabu. Haikumkera mtu wala haikumfurahisha mtu. Mzee wangu mwenye nyumba alisema kila akiiona anakumbuka barua za benki. Nilidhani anatania, kumbe alikuwa amesema kwa maneno yake yale ambayo watafiti wa BBC walikuwa wakiyaandika kwa maneno yao. Watazamaji walipoulizwa, waliieleza BBC2 kwa namna ya kuistahi bila ya kuipenda: chaneli ya watu wenye elimu, yenye manufaa, na ya kuchosha. Hayo waliyasema katika miaka ambayo chaneli, ikiongozwa na marehemu Alan Yentob, ilikuwa ikionyesha mazungumzo ya sanaa ya usiku katika The Late Show na, tangu Septemba 1990, dhihaka za wanasiasa katika Have I Got News for You. Chakula kilikuwa na viungo. Kilichokosekana ni harufu ya kumwambia mpita njia kwamba hapa pamepikwa.

Hapa ni lazima nieleze hali ya siasa, kwa kuwa bila ya hiyo habari yote itaonekana kuwa ya mapambo. Shirika la BBC halipati fedha kwa matangazo ya biashara. Linaishi kwa ada ya leseni, ambayo kila nyumba inayotazama matangazo ya televisheni inapaswa kuilipa, atazame BBC asitazame, na asiyelipa hupelekwa mahakamani. Kuanzia Aprili 1991 ada hiyo ilikuwa pauni 77 kwa mwaka kwa televisheni ya rangi. Serikali ya Margaret Thatcher haikuipenda hata kidogo. Mwaka 1985 iliunda kamati chini ya mchumi Alan Peacock ili ichunguze njia nyingine, na wengi waliamini kwamba kamati ingependekeza BBC ianze kuuza matangazo. Ripoti ilipotoka mwaka 1986 haikupendekeza hivyo. Lakini ilisema kwamba siku za usoni watazamaji walipie moja kwa moja kile wanachokitaka. Mwaka 1989 Rupert Murdoch akaanzisha chaneli zake za Sky kwa njia ya setilaiti, mwaka 1990 Bunge likapitisha sheria mpya ya utangazaji, na hati ya kifalme ambayo BBC inafanyia kazi ilikuwa imalizike mwisho wa mwaka 1996. Yaani mlango wa kila upande ulikuwa unagongwa.

Katika hali kama hiyo chaneli inayosifiwa bila ya kupendwa iko hatarini. Watu hawaandamani kwa ajili ya kitu wanachokistahi. Mbunge akisimama na kusema BBC2 iuzwe, au iunganishwe na nyingine, nani angeandika barua? Labda mzee wangu mwenye nyumba, naye alikuwa mvivu wa kuandika.

Kazi ya kubadili sura ya chaneli zote mbili walipewa watu wa nje, kampuni ya Martin Lambie-Nairn. Huyu bwana, aliyezaliwa mwaka 1945, alisomea sanaa Canterbury na alikwisha kufanya kazi katika idara za michoro za televisheni mbalimbali, BBC ikiwa mojawapo. Jina lake lilivuma tarehe 2 Novemba 1982, siku Channel 4 ilipofunguliwa: alikuwa ametengeneza tarakimu nne ya vipande vya rangi vilivyoruka kutoka pande zote na kukusanyika katikati. Kazi hiyo ya kompyuta ilibidi ikafanyiwe Los Angeles. Yeye ndiye pia aliyetoa wazo la awali la Spitting Image, kipindi cha vikaragosi kilichowadhihaki wakubwa tangu mwaka 1984. Kwa hiyo alikuwa na mambo mawili ambayo hayakutani mara kwa mara: alijua kompyuta inavyoweza kufanya kioo kipendeze, na alijua namna ya kuwachekesha watu.

Nadhani ni kwa kuijua kompyuta ndipo alipoweza kuiacha. Kwa BBC2 hakuchukua neno, alichukua tarakimu, 2, nene na ya kawaida, kama inavyoandikwa na mchora vibao. Rangi yake ilikuwa moja, kijani kinachoelekea samawati, ambacho wachoraji hukiita viridiani. Kisha akaifanya tarakimu ile iwe kitu. Hakuichora. Ilitengenezwa kwa mikono, ikawekwa studioni, ikapigwa picha kwa kamera za filamu. Katika filamu moja 2 imesimama kimya na rangi nzito ya kijani inarushwa juu yake hadi inachuruzika. Katika nyingine ni chuma kikali kama upanga. Kuna 2 ya kioo na 2 ya taa za neoni. Kuna iliyo chini ya maji. Kuna iliyofunikwa hariri inayopepea, ikawa unaona umbo bila ya kuliona lenyewe. Kuna ya unga unaotimka kwa kishindo. Sauti zake hazikuwa wimbo wa kushangilia kama ilivyokuwa desturi. Zilikuwa milio mifupi ya ajabu, mtu anasikia kama kitu kinadondoka, au kinapumua.

Ujanja wake mkubwa, na hili wasanifu wengi walilichukua baadaye bila ya kumtaja, ni kwamba hakutengeneza nembo moja bali ukoo wa nembo. Umbo halibadiliki, rangi haibadiliki. Kinachobadilika ni tabia. Mtazamaji anajua mara moja yuko wapi, ila hajui safari hii 2 itafanya nini. Na aliye zamu pale chumba cha matangazo ana la kuchagua: kabla ya kipindi cha msiba ataweka ile ya hariri, kabla ya kichekesho ataweka ile ya rangi. Nembo ya zamani ilisema neno lilelile kwa sauti ileile, iwe inakuletea mazishi au harusi. Hii mpya ilisoma uso wa mgeni kwanza.

Ilianza, kama nilivyosema, Jumamosi ya katikati ya Februari, na dunia ilikuwa na shughuli nyingine. Vita vya Ghuba vilikuwa katika mwezi wake wa pili. Sebuleni kwetu tulikuwa tukitazama ramani za Kuwait na Iraki kila usiku. Siku hiyohiyo chaneli ya kwanza nayo ilipata tufe jipya kutoka kwa msanifu huyohuyo, lenye tarakimu moja na ukungu ukizunguka, nalo lilikuwa zuri, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyelizungumza. Mbili ndiyo iliyozungumzwa. Mzee alikuwa na kawaida ya kwenda kuchemsha chai kipindi kikiisha. Baada ya wiki kadhaa niliona kwamba ameanza kungoja. Husimama mlangoni na birika mkononi, aone kwanza mbili imekuja na nini, ndipo aende. Siku moja akaniambia BBC2 imeanza kuamka, wamepata watu wapya, vipindi vina uhai sasa. Nilimwuliza vipi. Akafikiri, akataja kipindi cha bustani.

Kipindi cha bustani kilikuwa kilekile. Mwelekezaji wa bustani alikuwa yuleyule, na matope yaleyale kwenye buti zake.

Mzee hakuwa peke yake. BBC ilipowauliza tena watazamaji baada ya mabadiliko, walisema chaneli imechangamka, ina ucheshi, ina mtindo, inakwenda na wakati. Maoni yao kuhusu chaneli yalihama, na vipindi havikuwa vimehama. Matokeo haya yamesimuliwa mara nyingi katika habari za Lambie-Nairn, na aghalabu husimuliwa kama ushindi. Mimi kila nikiyasoma hupata furaha na hofu kwa pamoja.

Furaha nitaieleza kwanza. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri kwa mwenye duka lisilo na mshindani. Lakini nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, saa nne asubuhi jua likiwa kali, umtazame muuzaji hodari. Mkono mmoja unapokea fedha, mkono mwingine unanyunyizia samaki maji. Maji hayamfufui samaki aliyeoza. Pua ya mnunuzi itamgundua tu. Lakini changu mzima aliyevuliwa alfajiri, akiachwa akauke juani, atapitwa na watu kama mfu wa juzi, na muuzaji aliyemwacha hivyo kwa kuiamini methali amemdhulumu samaki na amemdhulumu mnunuzi. BBC2 ya mwaka 1990 ilikuwa samaki mzima aliyekauka ngozi. Rangi ya kijani ilikuwa maji. Wale watazamaji waliosema chaneli imekuwa na ucheshi hawakudanganyika. Walikuwa wamedanganywa hapo awali, na ile nembo nyeupe ya adabu, iliyowaambia kwamba ndani hakuna kicheko. Ndiyo maana nasema 1991 walitendewa haki. Fedha ya umma ilitumika ili umma uone kile ambacho umma ulikwisha kukilipia.

Sasa hofu. Ikiwa sekunde chache za rangi inayochuruzika zinaweza kuwafanya watu wazima wenye akili zao waone vipindi vilevile kuwa ni vipya, basi sekunde hizohizo zinaweza kufanya kazi hiyo hata samaki akiwa ameoza, angalau kwa muda. Na wakuu wa mashirika husoma ripoti. Wakisoma kwamba nembo imefanya kwa wiki chache kile ambacho vipindi vizuri havikukifanya kwa miaka, ni somo gani watakalolishika? Kutengeneza kipindi kizuri ni kazi ya mwaka au miaka, inaweza kushindikana, na ina watu wagumu ndani yake. Kubadili sura kuna tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na siku ya mwisho kuna sherehe.

Miaka iliyofuata iliyathibitisha yote mawili. Kwanza mbili yenyewe iliendelea kukua vizuri. Ziliongezwa nyingine mwaka hadi mwaka, na za baadaye zilikuwa na mzaha zaidi: 2 ambayo ni gari la kuchezea la watoto, 2 yenye manyoya kama kijibwa cha dukani kinachobweka na kupiga sarakasi. Kijibwa kile kilipendwa kuliko watangazaji wengi. Chaneli ikafika hatua ya kujicheka yenyewe, na katika miaka hiyohiyo ikaleta vichekesho kama Absolutely Fabulous, mwaka 1992. Siwezi kusema nembo ilizaa vipindi hivyo. Naweza kusema kwamba mwandishi mwenye wazo la ajabu, akiiona chaneli inayobweka kati ya vipindi, hana sababu ya kuogopa kubisha hodi.

Halafu ikaja tarehe 4 Oktoba 1997, wakati shirika zima lilipobadilishwa sura, kazi ya Lambie-Nairn huyohuyo. Herufi tatu za BBC, ambazo zilikuwa zimelala upande ndani ya visanduku vyenye mistari ya rangi chini yake, zikasimamishwa wima katika mwandiko wa Gill Sans, na rangi zikaondolewa. Sababu zake zilikuwa za kiufundi na za kiuchumi, na mimi naziona za haki: mistari iliyolala huonekana kama ngazi kwenye kioo cha televisheni, na kuchapa rangi nyingi kwenye kila karatasi na kila gari ni gharama. Tufe la chaneli ya kwanza likageuzwa kuwa puto kubwa la hewa ya moto, puto la kweli, likarushwa juu ya milima, madaraja na miji ya Uingereza. Lilipendeza. Lakini hiyo ilikuwa enzi ya mkurugenzi mkuu John Birt, ambayo ndani ya shirika watu walilalamikia washauri wa nje na hesabu zisizokwisha, na mtu akilalamika kwamba kipindi chake hakina fedha, kisha anaona puto likipita angani, ni vigumu kumweleza habari za mistari iliyolala. Nembo ya 1991 ilikuwa jibu la swali ambalo watazamaji walikuwa wameulizwa. Ya 1997 ilikuwa na sababu nzuri, ila ilionekana kama wakubwa wamejiuliza na wamejijibu wenyewe.

Mbili ya kijani iliondolewa Novemba 2001. Mahali pake pakaja mandhari ya manjano na 2 iliyotembea kama roboti, ikicheza peke yake. Sikuona ubaya wake mkubwa, ila ilikuwa na tabia moja tu, na ule ukoo ukawa umekufa. Mwaka 2007 ikaja nyingine. Kisha jambo lisilo la kawaida katika kazi hii likatokea. Mwaka 2014 BBC2 ilipotimiza miaka 50, zile filamu za zamani zilitolewa kabatini ziadhimishe sherehe, na sherehe ilipokwisha hazikurudishwa. Rangi ikaendelea kuchuruzika, kijibwa kikaendelea kubweka, mbele ya watazamaji ambao wengine walikuwa hawajazaliwa zilipopigwa picha. Nadhani naelewa ni kwa nini iliwezekana. Tufe la kompyuta la mwaka 1985 ukilitazama leo unaona mwaka 1985. Kompyuta ya zamani haifichi umri wake. Lakini rangi ikimwagika ni rangi ikimwagika. Maji na hariri na unga havikuwa na mwaka wakati ule na havina mwaka sasa. Aliyechagua kufanya kwa mikono katika enzi ya kuabudu mashine alikuwa, pengine bila ya kukusudia, ameichagulia kazi yake maisha marefu.

Zilibaki hewani hadi tarehe 27 Septemba 2018, zilipopisha mtindo mpya, ambao umechukua kutoka kwenye tarakimu ile mkunjo wake tu, mstari mmoja uliopinda unaokigawa kioo sehemu mbili. Lambie-Nairn aliishi akaiona kazi yake ikirudi na ikiondoka mara ya pili. Alifariki siku ya Krismasi ya mwaka 2020.